Nyumba ya Lipa Mdogo Mdogo: Usiuze Stoki Ili Upate Mlango

Wiki hii tuache kidogo bei ya mafuta ya kupikia, tuongee nyumba. Najua kuna mtu ameshasema "nyumba ni za watu wa mshahara" akataka kupita. Wewe ndiye nakutafuta, kaa hapo.

Mbele ya duka langu hapa Nairobi kuna mama anakaanga samaki. Ananunua kwangu unga, chumvi na mafuta, mimi namnunulia samaki jioni, yaani pesa yetu inazunguka hapo hapo. Jioni moja alikuja na simu mkononi akaniambia, "Kijana wangu, wewe uliyesoma, hebu niangalizie hapa." Mimi niliishia fomu foo, lakini kwa mtaa hiyo inatosha kukufanya wakili. Alikuwa amejiandikisha Boma Yangu, ule mfumo wa serikali wa kuomba nyumba za bei nafuu, na alitaka kujua kitu kimoja tu: hizo nyumba za Mukuru zinazotajwa kwa redio ni za kukodi au za kununua?

Nikamwambia ni zote mbili. Akanitazama kama mtu anayemfanyia mzaha.

Lakini ni kweli, na ni kitu sisi wa biashara ndogo tunakijua tayari. Si unajua zile simu za lipa mdogo mdogo? Unatoa pesa ya kwanza, unaenda na simu, halafu unalipa kila siku mpaka imalizike. Unaitumia kama yako ila bado si yako, na ukiruka malipo inajifunga. Pikipiki nyingi za bodaboda zinanunuliwa hivyo hivyo. Nyumba ya mpangaji mnunuzi ni mtindo huo huo, tofauti ni kwamba safari ni ya miaka mingi. Unalipa amana, unapewa ufunguo, unalipa kila mwezi. Ukiwa njiani wewe ni mpangaji. Ukimaliza ndipo nyumba inaandikwa jina lako.

Kwa nini hii inatuhusu sana? Kwa sababu ile njia nyingine, mkopo wa nyumba wa benki, haikutengenezewa mtu kama mimi na wewe. Niliwahi kuingia benki moja, sitaitaja, kuuliza tu. Jamaa wa mikopo akaniuliza mshahara wangu ni ngapi. Nikamwambia nina duka. Akaniuliza tena mshahara ni ngapi, kama mtu ambaye hakunisikia. Nikatoka. Baadaye nilikuja kujua kwamba siko peke yangu: takwimu za Benki Kuu ya Kenya za miaka ya karibuni zinaonyesha mikopo ya nyumba nchi nzima ni kama elfu 30 hivi. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu milioni 47.6. Kwa hiyo ukiona hujawahi kukutana na mtu mtaani mwenye mkopo wa nyumba, si macho yako mabaya.

Sasa turudi Mukuru. Mwezi wa Mei 2025 Rais William Ruto alikabidhi nyumba 1,080 za kwanza kwenye ule mradi uliopangiwa nyumba zaidi ya 13,000. Chumba kimoja cha mita 20 mraba kilitangazwa kwa bei ya shilingi 640,000, na malipo ya mwezi 3,900. Kwa wale tumezoea kumi kwa kumi ya mabati, mita 20 mraba ni zaidi ya mara mbili yake, na maji na choo viko ndani. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inagawa watu kwa kipato. Anayepata chini ya 20,000 kwa mwezi anahesabiwa kwenye nyumba za jamii, na kuanzia hapo mpaka 149,000 ni nyumba za bei nafuu. Mama yangu wa samaki siku nzuri anabaki na kama 600 baada ya kutoa gharama, na anafanya kazi siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni 15,600. Yeye ni wa kundi la kwanza kabisa, lile ambalo benki hata kiti haikupi.

Aliposikia 3,900 alicheka kwa furaha. Chumba chake cha mabati analipa 3,500. "Mia nne tu juu? Hiyo si kitu!"

Hapo ndipo nilimwambia aketi kwenye kreti ya soda tupige hesabu, kwa sababu hiyo 3,900 imewadanganya wengi. Kwanza tuliandika anacholipa sasa, chote. Kodi 3,500. Maji ya mtungi, mitungi mitatu kwa siku kwa shilingi kumi kumi, karibu 900 kwa mwezi. Stima ya kuunganishiwa, 500. Choo na bafu za kulipia, kama 600. Jumla 5,500. Alishangaa. Miaka yote alikuwa anasema anakaa nyumba ya 3,500, kumbe anakaa ya 5,500. (Fanya hii hesabu yako leo usiku, usingoje kesho. Watu wa vyumba vya mabati tunalipa zaidi kwa kila mtungi na kila unga wa stima kuliko mwenye nyumba ya mawe, na hatuoni kwa sababu tunalipa kumi kumi.)

Halafu tukaandika upande wa pili: 3,900, token za stima, bili ya maji, na ada ya huduma ya jengo, yaani usafi, taa za ngazi, mlinzi. Ukiweka zote inaweza kufika pale pale 5,500 au ikapita kidogo. Kwa hiyo swali halikuwa kama nyumba mpya ni bei rahisi. Kwa mwezi, zinakaribiana. Tofauti ni kwamba moja ukilipa miaka ishirini unabaki na risiti, na nyingine unabaki na nyumba.

Lakini bado kuna mlango wa kupita, nao ni amana.

Sheria ilipoanza, amana iliyokuwa inaongelewa ni asilimia 10 ya bei. Kwa chumba cha 640,000 hiyo ni 64,000. Kiwango hiki kinaweza kubadilishwa, kwa hiyo uliza ni ngapi siku unayoomba, usishike ya mwaka jana. Hapa ndipo nataka kuwaambia makosa yangu mwenyewe, kwa sababu ndiyo yaliyonifanya niandike.

Mimi pia nilijiandikisha. Na mimi nina haraka, kila anayenijua anajua. Mfumo unakuruhusu uweke akiba kidogo kidogo mpaka amana ifike, lakini mimi niliona kidogo kidogo ni ya wazee. Ilikuwa Novemba. Stoki yangu yote dukani ilikuwa kama 110,000. Nikatoa 35,000 kwa mkupuo nikaweka kwa nyumba, nikajipigia makofi.

Desemba ikaja. Watu wanataka unga wa ngano wa chapati, mafuta lita tatu, sukari, soda za kreti. Mimi nina chumvi, viberiti na sabuni ya kipande. Duka la jumla ninakochukua mzigo hawakopeshi Desemba, na wana haki. Mteja akikosa unga kwako mara ya kwanza anakuonea huruma, mara ya pili anavuka barabara, mara ya tatu hata hakusalimii. Nilikaa na rafu wazi msimu wote wa sikukuu nikiangalia foleni kwa jirani.

Baadaye nilipotulia nikapiga hesabu ambayo ningepiga kabla. Bidhaa ninazouza, faida yangu ni kama asilimia 8. Ile 35,000 nilikuwa naizungusha kama mara tatu kwa mwezi. Kila mzunguko 2,800, kwa mwezi 8,400. Yaani pesa niliyoitoa dukani ndiyo ingenilipia nyumba kila mwezi, tena chenji ikabaki. Nilikuwa nimechinja ng'ombe wa maziwa ili ninunue zizi.

Kwa hiyo kama utasahau yote kwa hii makala, shika hili: amana isitoke kwa stoki. Hata kama kuna rafiki anakuambia nafasi zinaisha. Itoke kwa faida, baada ya wewe kula na mzigo kurudi rafuni. Kwa mama wa samaki, akiweka 100 kila siku ya kazi ni 2,600 kwa mwezi, na 64,000 itafika baada ya miaka miwili na mwezi mmoja hivi. Akiweka 200, ni mwaka mmoja na wiki kadhaa. Ndefu? Ndiyo. Lakini karai lake la mafuta litakuwa bado linachemka.

Na hii si ndoto. Kule Huruma kuna mtaa unaitwa Kambi Moto. Wakazi wake, wakiwa kwenye vikundi vya Muungano wa Wanavijiji, waliweka akiba ya vishilingi, na kuanzia miaka ya 2000 mwanzoni wakaanza kujenga nyumba za mawe kwa awamu mahali pale pale palipokuwa na mabati. Wengi wao walikuwa watu wa kipato cha kila siku kama sisi.

Sasa kuna tatizo ambalo watu wa mshahara hawana, sisi tunalo. Mshahara unakuja tarehe moja. Pesa yetu inakuja kila siku na kila siku inataka kuliwa. Leo 900, kesho mvua, 150. Januari shule zimefunguliwa, watu hawanunui samaki. Lakini ile 3,900 inakuja tarehe ile ile, mvua au jua. Na hakuna mwenye ploti wa kumwambia "baba, nisukumie mpaka wikendi." Mwenye ploti unamjua, mke wake ananunua kwako, mnaelewana. Mfumo hauelewani na mtu. Ukilimbikiza malimbikizo, unaweza kupoteza nyumba ukiwa umeshalipa miaka.

Kwa hiyo tuligawanya ile 3,900 kwa siku 26 za kazi, na ikatoka sawasawa: 150 kwa siku. Nikamwambia mama, kabla hata hujafikiria ufunguo, jifanye tayari unaishi huko. Kila siku ya kazi weka 150 pembeni, juu ya kodi yako ya sasa, kwa miezi mitatu. Usiweke kwa ile M-Pesa unayolipwa nayo na wateja, utaila. Ziko akaunti za kufungia akiba kwa simu, ama tumia kile kikundi chenu mnachoaminiana. Ukimaliza miezi mitatu utakuwa na 11,700, ambayo ni malipo ya miezi mitatu mizima ya kukukinga ukiugua. Na ukishindwa kumaliza, umejijua mapema bila kupoteza kitu.

Alikaa kimya akigeuza noti zake. Halafu akauliza swali ambalo, kusema ukweli, mimi sikuwa nimelifikiria hata kidogo.

"Sasa kijana wangu, nikipewa orofa ya sita, karai langu nitaliweka wapi?"

Jamani. Hiyo ndiyo habari yenyewe. Mtu wa ofisini nyumba ni pa kulala. Mtu wa biashara ndogo, mlango wake ndio duka, kivuli cha mabati yake ndio jiko, njia ya matope mbele yake ndiyo soko. Ukimpandisha orofa ya sita umempa choo cha ndani na umemnyang'anya wateja. Huwezi kukaanga samaki kwenye korido, na majirani watakushtaki kwa harufu, na watakuwa na haki.

Na hili ndilo limewashinda wengi waliotutangulia. Angalia historia ya mji huu. Dandora, miaka ya 1970, mradi wa Benki ya Dunia na halmashauri ya jiji uligawa ploti 6,000 kwa watu wa kipato cha chini. Waliopata walijenga vyumba, wakakaa kimoja na kukodisha vingine. Nyumba ilikuwa inawaingizia pesa, na kwa mtu asiye na mshahara hiyo ina maana kubwa. Umoja nayo ilianzishwa kipindi hicho hicho kwa ajili ya wa kipato cha chini, lakini wengi walioishia kukaa humo ni wa kipato cha kati. Mwaka 2009 watu wa Soweto Mashariki, Kibera, walihamishiwa nyumba za muda za Lang'ata, na familia zikawa zinagawana nyumba moja, chumba kwa chumba, ili ziweze gharama. Wengine walikodisha nafasi zao wakarudi Kibera kwenye biashara. Watu waliwalaumu eti wamezoea mabati. Mimi siwalaumu. Waliangalia kitabu cha hesabu wakaona karai halina pa kukaa.

Kwa hiyo kabla ya kuomba, andika kwenye hesabu yako gharama ya mahali pa biashara kama kitu cha kujitegemea. Kama utalazimika kukodi kibanda, ongeza kodi ya kibanda. Kama utatembea, sawa, kama ni matatu, zidisha nauli kwa siku 26. Uliza kama mradi una soko au vibanda chini na vinagawiwaje. Mama wa samaki tulikubaliana atabaki hapa mbele ya duka langu na atanipa 1,000 kwa mwezi ya nafasi na ya kuhifadhi jiko usiku. Nilitaka kumwachia bure, akakataa. Alisema cha bure hakina tarehe ya kuisha, siku moja utanifukuza na sitakuwa na la kusema. Huyo mama angekuwa na shule angekuwa waziri.

Mambo ya karatasi sasa, haraka haraka. Ukikatwa ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 usidhani umeshapewa nyumba. Kukatwa ni kitu kimoja, kupewa ni kingine, lazima uombe. Na sheria ilitaja pia kipato cha wasioajiriwa, si mishahara pekee, kwa hiyo usiseme haikuhusu. Weka rekodi ya mauzo, hata kwa kitabu cha shule, kwa sababu siku ukiulizwa unapata ngapi, "inategemea" si jibu.

Huwezi kuuza nyumba hizo ovyo ovyo, sheria inataka idhini ya maandishi ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu. Mtu akikuambia anakuuzia "nafasi yake" kwa bei ya kutupa, kimbia. Akikuambia utume amana kwa nambari yake ya simu, kimbia zaidi.

Na kama ni mtu binafsi anakuuzia kwa mtindo huu, maana nao wamekuwa wengi, soma mkataba mpaka uone mahali pameandikwa ni shilingi ngapi za kila malipo zinaingia kwa bei ya nyumba. Kama hapajaandikwa, wewe ni mpangaji wa kawaida anayelipa zaidi. Uliza ukichelewa mwezi mmoja kunatokea nini, na miwili. Uliza ukishindwa katikati unarudishiwa ngapi. Uliza ukifa, anaendelea nani. Mke wako au mtoto wako ataruhusiwa kulipa kuanzia ulipofika? Najua kuuliza kifo kwa ofisi ya watu kunaona haya. Uliza tu. Na uliza mwisho wa safari kama utapata hati ya umiliki ya nyumba yako peke yake, kwa sababu chini ya Sheria ya 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo, nyumba moja ndani ya ghorofa inaweza kuwa na hati yake.

Mama alimaliza mwezi wa pili wa jaribio lake wiki iliyopita. Mwezi wa kwanza alikosa siku nne, mvua ilimaliza wateja, akazifidia kwa kuweka mia tatu tatu Jumamosi za wali. Mwezi wa pili alikosa moja tu. Yuko na 7,650 na anadai hiyo 150 moja ni yangu, kwa sababu siku hiyo nilichukua samaki wawili kwa deni.

Nimemlipa leo asubuhi.